Usiachie Mafuta

Gari la Dereva lilikataa kuwaka asubuhi ileile lilipotakiwa kuuzwa. Katika nyumba nzima hakuna aliyeamini kwamba gari linaweza kupanga jambo kama hilo peke yake, kwa hiyo macho yote yakamgeukia Dereva.

Yeye alikuwa ameketi nyuma ya usukani, amechomekea shati, amenyoa ndevu, ameshika ufunguo kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Kila akiuzungusha, injini ilisema nge-nge-nge-nge, bila kuongeza neno.

“Jaribu tena, baba,” alisema binti yake mkubwa. Huyu nyumbani walimwita Mwenyekiti, kwa sababu hajawahi kuingia chumba chenye watu wawili bila kufungua kikao.

“Nimejaribu.”

“Jaribu kama mtu anayetaka liwake.”

Dereva akamtazama kupitia kioo kidogo cha juu, akazungusha tena. Nge-nge-nge-nge. Stata ilikuwa na nguvu, injini ilizunguka, lakini ndani yake hakukuwa na uhai. Ilikuwa kama kumtikisa mtu aliyelala na kumwona anatikisika tu.

Mumewe Mwenyekiti alisimama pembeni, mikono nyuma. Alikuwa mkwe mwenye adabu, yaani alimtukana baba mkwe wake kwa adabu.

“Mimi sisemi kitu, baba,” alianza. “Ila mnunuzi wa kwanza alipokuja, ulikwenda msibani. Na mnunuzi wa pili alipokuja ukamwambia gari lina jini. Mimi sisemi kitu.”

“Sikusema lina jini. Nilisema lina tabia.”

“Alikimbia, baba.”

“Alikuwa mwoga.”

Ukweli ni kwamba gari lilikuwa na tabia. Lilikuwa jeusi, refu, lenye pua ndefu na taa za mviringo zilizotoka nje kama macho ya mtu aliyeambiwa bei. Usukani ulikuwa kushoto, na kiti cha mbele kilikuwa kimoja tu, kipana kama benchi la kanisani, kimetoka mlango hadi mlango. Mkuu wa ofisi aliyeendeshwa na Dereva maisha yake yote ya kazi alikuwa amemwachia gari hilo siku ya kustaafu, mahali ambapo watu wengine huachiwa kiinua mgongo, na tangu siku hiyo jina la gari pale nyumbani likawa Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa na turubai lake, sabuni yake, na kivuli chake, ambacho kuku waliruhusiwa kukitumia kwa masharti.

Na sasa Mheshimiwa alitakiwa kuuzwa kwa sababu ya macho ya Mama.

Mama alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ndiyo iliyolisha nyumba. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Alianza kwa kuomba watu wamtungie uzi kwenye sindano. Kisha akashona suruali ya mteja mfuko ukafungukia ndani, upande wa ngozi. Mteja aliirudisha, akaiweka juu ya cherehani, akaondoka bila kusema neno. Mama aliishika ile suruali hadi jioni, na tangu hapo wateja walianza kupita nyumba hiyo kwa haraka, kama watu wanaopita kituo cha polisi.

Kikao kilikuwa kimekaa, na Mwenyekiti ndiye aliyekiongoza. Hoja ya kwanza, Mama apasuliwe macho. Hoja ya pili, gari liuzwe. Hoja zote mbili zilipita bila kupingwa. Mama hakupinga kwa sababu hakuwepo. Alikuwa jikoni akiwachemshia wajumbe chai. Hospitali ikatoa kitanda kwa kesho, malipo yaingie leo kabla dirisha halijafungwa, la sivyo kitanda kinapewa mwingine na foleni inaanza upya huko nyuma kabisa, ambako haionekani hata kwa macho mazima.

Mnunuzi huyu wa tatu alikuwa mtu mwenye hoteli. Aliliona gari, akalipenda, akatoa sharti moja: analitaka linalounguruma. “Wiki hii nafungua hoteli,” alisema. “Nataka niingie langoni nikiliendesha mwenyewe, wageni walisikie. Likiwaka nalipia gari. Lisipowaka nalipia chuma chakavu.” Chuma chakavu kisingetosha hata kupasua kope.

“Nipishe, baba,” alisema Mwenyekiti.

Akaingia, akazungusha ufunguo. Nge-nge-nge-nge. Akaingia mumewe, kwanza akapangusa viganja kwenye suruali kama daktari. Nge-nge-nge. Akaja mpangaji wa chumba cha uani akiwa na taulo shingoni na povu la mswaki mdomoni, akasema kwao walikuwa na gari, akajaribu. Nge... nge. Akaja mke wa mpangaji. Kila mmoja alikuwa na imani kwamba ufunguo unachagua mkono. Dereva alisimama nje akisikiliza betri yake ikiisha, akasema, “Inatosha sasa,” akasema tena, “Jamani, inatosha,” lakini siku hiyo alikuwa mshtakiwa, na mshtakiwa hasikilizwi mpaka zamu yake ifike.

Mwishowe Mheshimiwa akasema tk. Halafu hakusema chochote tena.

Barazani, cherehani ya Mama ilikuwa ikizunguka kwa kasi. Hakuna aliyeona kwamba chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

* * *

Fundi waya wa mtaa ule aliitwa Cheche. Alikuja na pikipiki, betri imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti kama abiria mnene, na nyaya za rangi zote zikimning’inia shingoni.

“Nani ameua betri?” ilikuwa salamu yake.

Kila mtu akamtazama mwenzake. Mpangaji akakumbuka mswaki wake.

“Kumbe ni mauaji ya halaiki,” alisema Cheche. Akafungua boneti, akainama. “Mzee, hapa ndani unapika? Mbona pasafi hivi?”

“Kila wiki,” alisema Dereva, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yakanyanyuka kidogo.

Cheche akaunganisha betri yake na betri iliyokufa kwa nyaya mbili nene. Akachomoa waya wa plagi moja, akashika ncha yake kwa kitambaa kikavu karibu na chuma cha injini, na kumwambia Dereva azungushe. Injini ikazunguka. Kati ya ncha na chuma ilitakiwa kuruka cheche ya buluu. Haikuruka.

“Moto haufiki,” alisema.

“Labda plagi,” alisema mkwe, aliyekuwa ameanza kusoma kwenye simu.

“Plagi ni mtu anayengoja chakula mezani, kaka. Hapa hata jiko halijawashwa.” Akatoa taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili, akagusa koili, ile chupa nyeusi inayoukuza umeme wa betri mpaka uweze kuruka. Balbu haikuwaka. “Mnaona? Koili haipati kitu. Sasa tunarudi nyuma.” Akaingia ndani, akalala chali chini ya usukani, miguu yake ikabaki nje ya mlango. Sauti yake ikatoka kama ya mtu aliye kisimani. “Washa ufunguo... Hapa umeme unaingia. Hapa unatoka. Swichi nzima kabisa.”

“Kwa hiyo?” aliuliza Mwenyekiti.

“Kwa hiyo umeme unatoka kwenye ufunguo, hauonekani kwenye koili. Umepotelea njiani. Tuutafute.”

Njia yenyewe ilikuwa waya mmoja. Katika magari ya siku hizi waya huvaa plastiki, lakini Mheshimiwa alikuwa wa zamani, nyaya zake zilivaa kitambaa cheusi kilichosokotwa, kama kamba za viatu vya wazee wa heshima. Cheche aliufuata kwa macho kutoka kwenye swichi, ukapita ukuta wa chuma, ukapanda ubavuni mwa injini, ukafika kwenye koili. Mzima. Haukuungua, haukuliwa na panya, haukuchubuka.

Akakuna kichwa. “Inabidi niudunge. Nidunge kitambaa hatua kwa hatua, taa iniambie moto umeishia wapi. Lakini ncha yangu nene, itaharibu. Mama!” aliita kuelekea barazani. “Mama, niazime pini ya kushonea.”

Cherehani ikasimama.

“Pini?” alisema Mama.

“Moja tu. Nyembamba.”

“Pini sina.”

Dereva akageuka. Mwanamke yule alikuwa na pini kwenye kola, pini kwenye kanga, pini kwenye mto mwekundu uliofungwa kwenye kifundo cha mkono wake, ukutani mwa nyumba mlikuwa na pini zilizoshika kalenda. Siku za nyuma Dereva aliwahi kumkumbatia mkewe akatoka na damu.

“Mama, si hizo hapo mkononi?” alisema Mwenyekiti.

Mama akautazama mkono wake kama mkono wa jirani. Akapapasa, akachomoa pini moja, akanyoosha mkono hewani, si palepale fundi aliposimama bali kando kidogo, na Cheche akasogea mwenyewe ili mkono ule uwe sahihi.

“Ahsante, mama.”

“Usinivunjie,” alisema Mama, na sauti yake ilitetemeka zaidi ya thamani ya pini.

Cheche akadunga waya karibu na swichi. Balbu ikawaka. Akadunga mbele kidogo. Ikawaka. Akadunga palipotoka kwenye ukuta wa chuma. Ikawaka. Akadunga upana wa kiganja mbele yake. Giza. Akarudi, ikawaka. Akaenda, giza. Akashika sehemu ile kwa vidole viwili akaikunja, nayo ikakunjika laini kabisa, kama kamba isiyo na shaba ndani.

“Sasa hiki ni kitu gani,” alinong’ona.

Dereva akainama karibu naye. Ikabidi wabanane vichwa chini ya boneti ili waone. Kitambaa cha waya kilikuwa kimepasuliwa kwa urefu, shaba ikakatwa kwa mkasi na kipande chake kuondolewa, kisha kitambaa kikarudishwa na kushonwa kwa uzi mweusi. Ulikuwa ule mshono wa kuficha, unaopita chini ya kitambaa na kutokeza kwa kuiba, mshono wa pindo za magauni ya maharusi. Dereva aliujua. Alikuwa ameuvaa shingoni mwake, kwenye kila kola, tangu ujana.

Aliijua hata siku waya ulipokatwa. Jana alasiri alikwenda kwa kinyozi, gari likabaki na mkewe. Na huo waya wenyewe, nani alimwonyesha? Yeye mwenyewe. Miaka yote alipotengeneza gari, mkewe ndiye alimshikia tochi, naye kwa kukosa maneno mengine ya mapenzi alimwambia majina ya nyaya. Huu wa taa. Huu wa honi. Huu ndio waya wa moto, mke wangu, huu ukikatika hatuendi popote.

Lakini si hilo lililomshtua. Mshono ulianza vizuri, kisha katikati ukapinda. Matundu mawili ya sindano yalikuwa yametobolewa pembeni kabisa, hayakushika kitu. Kwingine uzi ulirudiwa mara nyingi juu ya mahali pamoja, kwa kupapasa. Mkewe, ambaye alikuwa akifumua gauni zima kwa tundu moja la sindano lililokwenda upande, alikuwa ameuacha mshono huu hivi. Hakuuona. Alikuwa akimwambia mumewe anaona ukungu kidogo tu, asubuhi asubuhi. Alikuwa haoni.

“Mmepata?” Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yao.

Cheche akafungua mdomo. Dereva akawahi.

“Waya umekatwa,” alisema. “Nimeukata mimi.”

Wakatazamana kama watu waliopata walichokuwa wakikitafuta.

“Niliwaambia!” alisema mkwe, ambaye tangu asubuhi alikuwa hasemi kitu.

“Mzee,” Cheche aliuliza polepole, akitazama vidole vya Dereva, vinene kama ndizi, “na kushona pia ulishona wewe?”

“Nilishona mimi.”

“Hongera,” alisema Cheche, akaanza kuufumua mshono bila kumtazama mtu.

* * *

Kuunga waya hakukuchukua muda. Cheche alisokota kipande kipya, akafunga mkanda mweusi, Dereva akazungusha ufunguo, na Mheshimiwa akanguruma kwa sauti nene ya mtu aliyeamshwa vibaya. Kuku wakahama. Mpangaji akapiga makofi.

Cheche akafungua nyaya zake mbili nene na kuipandisha betri yake kwenye pikipiki.

“Unaichukua?” aliuliza Dereva.

“Kuna basi limelala barabarani na abiria wote, mzee. Nitarudi jioni. Sasa nisikilize vizuri.” Akaweka kiwiko dirishani. “Betri yako imekufa. Kinacholisha moto sasa hivi ni dainamo, na dainamo inalisha ikizungushwa kwa kasi. Shikilia mafuta. Ukilegeza mguu, dainamo inasinzia, moto unakufa, na likizima hakuna wa kuliwasha hapa. Hata mkilisukuma mpaka mpakani.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka mwenye hoteli afike. Usiachie mafuta.”

Akaenda zake. Na hivi ndivyo Dereva alivyofungwa ndani ya gari lake mwenyewe, milango yote ikiwa wazi. Mtu aliyekuwa na kawaida ya kukumbuka jambo la haraka gereji kila mazungumzo yalipokuwa magumu alikuwa sasa ameshikwa kwa unyayo wa kulia. Familia ililitambua hilo haraka.

Mwenyekiti alifika wa kwanza. Aliinama dirishani.

“Baba, nilikuwa nakutetea. Hata juzi nilimwambia mume wangu, baba si mtu wa hivyo.”

“Ahsante.”

“Usiniambie ahsante! Chuma hiki na macho ya mama yangu, ukachagua chuma. Kama ni wivu wa gari, sema. Kama ni uzee, sema tukupeleke na wewe.”

Dereva alitazama mbele, kwenye ukuta uliomenyeka rangi. Mguu ulianza kuuma pajani.

“Umenisikia, baba?”

“Nimekusikia, mwanangu.”

“Na kesho utamwangaliaje?”

Mwenyekiti akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akaenda kusimama langoni kumngoja mnunuzi. Akaja mkwe, akasema yeye hasemi kitu, akakisema. Akaja mpangaji, amevaa shati sasa, akauliza kwa huruma kama shetani ndiye aliyempitia. Watoto wa jirani walipanda ukutani kumtazama mzee aliyekata waya. Moshi ulijaa uani, nguo za mpangaji kwenye kamba zikaanza kubadilika rangi, na mke wa mpangaji akazianua moja moja, akimtupia Dereva jicho kwa kila nguo.

Kisha mlango wa upande wa pili ukavutwa. Mkono ukapapasa kiti, ukalipata benchi, na Mama akaingia akaketi, mikono mapajani, kama siku zile walipokwenda harusini.

Injini ilinguruma.

“Kwa nini umesema ni wewe?” aliuliza Mama.

“Walishaamua ni mimi. Ningewasumbua bure.”

“Wanakusema mpaka nasikia aibu kule barazani.”

“Umeukata vizuri,” alisema Dereva. “Fundi mzima alihangaika.”

“Ulipinda?”

Dereva akakaza mguu kwenye mafuta.

“Baba watoto, nakuuliza. Mshono ulipinda?”

“Ulipinda kidogo.”

Mama akatikisa kichwa taratibu. Habari hiyo ilimuuma kuliko kushikwa. “Nilihisi,” alisema. “Nilihisi sindano inakwenda hewani.”

“Uliniambia ni ukungu tu.”

“Ningekuambia nini? Ukisikia sioni, unaita kikao.” Aligeuza uso upande wake, akitazama karibu na sikio la mumewe. “Mlikaa sebuleni mkanipasua macho, mimi niko jikoni natafuta sukari kwa kuonja, kwa sababu siwezi kuitofautisha na chumvi. Hakuna hata mmoja aliyefika mlangoni akauliza, mama, unataka? Unaogopa? Nyote mlikuwa mnaniokoa.”

“Unaogopa?”

“Wanaweka kisu kwenye jicho, mume wangu. Kwenye jicho! Na wewe uko macho. Yule mama wa kuuza mkaa alikwenda anaona vivuli, akarudi haoni kitu. Mimi bado naona vivuli. Nakuona wewe ni kitu kikubwa cheusi. Kikipotea hicho, nibaki na nini?”

Dereva aligundua kwamba mguu wake ulikuwa umelegea, kwa sababu injini ilianza kukohoa na taa nyekundu kwenye dashibodi ikapepesa. Akakanyaga. Mheshimiwa akarudi.

“Achia,” alisema Mama kwa sauti ndogo.

“Nini?”

“Achia mafuta. Wameshakulaumu, hawana la kuongeza. Lizime, mwenye hoteli aondoke, gari lako libaki, na macho yangu yabaki hivi yalivyo. Tutakuwa tumepata sote wawili.”

Lilikuwa jambo rahisi kuliko yote aliyowahi kuombwa. Hakuhitaji hata kufanya kitu. Alihitaji tu kuacha kufanya. Paja lilikuwa linawaka moto. Na ndani kabisa, mahali ambapo hakumkaribisha mtu, Dereva alijua kwamba tangu asubuhi, kabla hajauona ule mshono, kila gari lilipokataa kuwaka alikuwa akifurahi kidogo. Bintiye hakukosea sana. Alikosea kuhusu waya tu.

“Nitaachia,” alisema. “Ukisema, naachia. Lakini sema wewe unataka nini, si mimi nipate nini. Mimi nimeshalipata gari. Nimelipata miaka yote.”

Vidole vya Mama vilikuwa vikifuata mshono wa kiti, kwenda na kurudi.

“Nataka kuona,” alisema mwishowe, kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa neno. “Unadhani sitaki? Nataka kutunga uzi mwenyewe. Nataka yule mwenye suruali arudi. Lakini naogopa, na hakuna mahali pa kuweka hiyo hofu. Mwenyekiti ameshanifungia begi.”

“Nitakuwa nje ya mlango.”

“Watakufukuza.”

“Wakinifukuza nitakaa barabarani napiga honi, usikie kwamba nipo.”

“Honi ya gari gani, baba watoto?”

Dereva akafikiri. Kisha akaanza kucheka, na Mama akacheka, wakacheka wote wawili ndani ya moshi, na Mwenyekiti kule langoni akageuka akawatazama kwa mshangao. Hapo ndipo gari jipya jeupe lilipopinda na kusimama nje ya lango.

* * *

Mwenye hoteli alikuwa na miwani myeusi na viatu visivyotaka vumbi. Alizunguka gari mara moja, akagonga bodi kwa kidole kilichopinda, akasikiliza.

“Linaongea,” alisema. “Vizuri. Mbona mmeliwasha mapema, mafuta ni ya bure hapa?”

“Betri imekufa,” alisema Dereva kutoka dirishani. “Sikufichi. Likizima leo halitawaka mpaka ununue betri. Injini nzima, moto mzima.”

“Betri si kitu.” Akachungulia kiti cha nyuma. “Hiki nitakitoa. Na kwenye buti tutapanda maua. Kesho naingia nalo, watu wapige picha, halafu linakaa pale mlangoni moja kwa moja. Umeliweka vizuri, mzee. Linafaa kabisa kwa maua.”

Dereva alisema, “Ahsante.”

Kwenye boneti, mbele ya macho ya Mwenyekiti na mkwe, mwenye hoteli aliweka bahasha. Mkwe akaifungua, akachungulia, akaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti akatazama saa. Dirisha la hospitali lilikuwa bado wazi, kama wangeondoka sasa hivi. Kila mtu akafikiri jambo limekwisha.

“Haya, mzee, shuka nikae,” alisema mwenye hoteli, akafungua mlango.

Dereva hakushuka.

“Shuka, mzee.”

“Nikinyanyua mguu linazima.”

“Sasa nitakaaje?”

Lilikuwa swali la haki. Mkwe alipendekeza jiwe juu ya pedali. Mpangaji alipendekeza kamba. Mwenyekiti, mtu wa vikao, kwa mara ya kwanza hakuwa na hoja. Mwenye hoteli akatazama saa yake ya mkononi, na kwa namna alivyoitazama, kila mmoja aliona bahasha ile ikianza kufikiria kurudi ilikotoka.

Mama hakuwa ameshuka. Aliinua pindo la kanga, akavua ndala, akasogea kwenye lile benchi mpaka bega lake likagusa la mumewe. Kisha akanyoosha mguu wa kushoto kuvuka upande wa pili, akapapasa kwa vidole vya mguu sakafuni, kwenye kiatu cha Dereva, kando yake, mpaka ukapata ubavu wa pedali.

“Ni hii?” aliuliza.

“Ni hiyo.”

“Sema nikikosea.”

“Hujakosea. Ongeza. Hapo hapo.”

Injini ikapanda sauti kidogo, ikatulia. Dereva akautoa mguu wake kando ya mguu wa mkewe taratibu, kama mtu anayetoka chumba chenye mtoto aliyelala. Akashuka. Goti lilikataa kunyooka, akashika mlango, akasimama hivyo amekunjika, bintiye akija kumshika mkono bila kumwangalia usoni.

Mama alibaki peke yake ndani ya Mheshimiwa, amejinyoosha nusu kwenye kiti, uso ameuelekeza kwenye kioo cha mbele ambacho kwake kilikuwa mwanga tu, na unyayo wake mtupu umeshika roho ya gari zima.

Mwenye hoteli akaingia, akaketi kwenye kile kipande cha kiti alichoachiwa. Akashika usukani. Akavua miwani ili aone vizuri chini, akaona ule mguu wenye nyufa kisiginoni, umekaza, mishipa imesimama.

“Mama,” alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka, “naomba utoe mguu wako sasa. Wangu umeshafika.”

Mama alimsikia. Alikuwa anaona vivuli tu, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Uani injini ilikuwa ikiongea peke yake.

Hakuutoa mara moja. Alingoja mpaka yeye mwenyewe, si kikao, akakubali, ndipo akaunyanyua.